Aliyebaki na Namba Kumi na Saba

Katika maabara ile ya udongo hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wanafunzi walimwita Shangazi, walinzi walimwita Shangazi, na hata mkurugenzi, mtu mzima mwenye mvi aliyemzidi umri, alipomhitaji alichungulia mlangoni na kuuliza, "Shangazi yuko wapi?" Ajabu ni kwamba hakuwa shangazi wa mtu hata mmoja. Kaka hakujaliwa. Alikuwa na dada mmoja tu, mkubwa wake, na dada huyo alikuwa na binti mmoja tu, ambaye kwa ukoo alimwita mama mdogo. Mume aliwahi kuwa naye kwa miaka miwili, akaondoka kama mtu anayekwenda dukani, na habari zake zikaishia hapo.

Aliingia maabara akiwa na miaka ishirini na sita, kazi yake kuosha vyombo vya kioo. Mirija, chupa, visahani vya kuoteshea vijidudu, vyote vilipita mikononi mwake, na katika mwaka wa kwanza alivunja kimoja tu. Mzee aliyekuwa fundi wa maabara siku hizo alimwona ana mkono mwepesi, akaanza kumfundisha kidogo kidogo: namna ya kuchoma kitanzi cha waya kwenye taa ya spiriti mpaka kiwe chekundu, kukiacha kipoe, kugusa vijidudu kwenye mrija wa zamani na kuvipaka kwenye jeli ya mrija mpya, yote hayo bila kupumua juu yake.

"Ukivuta pumzi hapo umeshaharibu," mzee alimwambia. "Mdomoni mwako mna mji mzima."

Mzee alistaafu, Shangazi akabaki. Cheti hakuwa nacho, lakini mirija aliyoihamisha yeye haikuingia ukungu, na hilo kila mtu alilijua.

Alipofikisha miaka hamsini na moja, Daktari alikuja na ruzuku yake ya kwanza. Alikuwa kijana mwenye maneno mengi na miwani iliyofungwa kwa uzi, na alikuwa ameandika andiko la kurasa arobaini, akiahidi kutafuta katika mashamba ya watu maskini kijidudu kinachoishi kwenye mizizi ya maharage na kuulisha mmea kutoka hewani.

"Hewa imejaa chakula cha mimea, Shangazi," alimweleza siku ya kwanza, akipunga mikono kama anafukuza nzi. "Mharage unaogelea ndani ya chakula na bado unakufa njaa, kwa sababu hauna mkono wa kukishika. Hivi vijidudu ndivyo mkono wenyewe. Mkulima akipaka mbegu zake vijidudu vizuri, mbolea ya dukani ataisahau."

"Na vibaya vipo?"

"Vipo vingi tu. Vinakaa kwenye mzizi, vinakula, havifanyi kazi."

"Kama wapangaji," alisema Shangazi, na Daktari akacheka mpaka miwani ikamwanguka ikaning'inia kwenye uzi wake.

Ruzuku ile ililipia miaka mitatu: wanafunzi wawili, gari la kwenda mashambani, friji kubwa la kugandisha, na mshahara wa Shangazi. Walikusanya mizizi mia mbili na kumi na miwili. Shangazi ndiye aliyekaa kwenye kiti kirefu kukata vinundu vya mizizi ile kimoja kimoja kwa wembe, kuviosha, kuviponda na kuvipaka kwenye jeli. Katika vyote, kilichowashangaza ni cha kumi na saba. Kilitoka kwenye shamba la mjane mmoja, mlimani penye mawe, mahali ambapo hata magugu yalionekana kuomba radhi kwa kuota. Lakini maharage yaliyopakwa kijidudu kile yalikuwa na majani ya kijani kizito, na yalizaa karibu mara mbili ya mengine. Wakawa wanakiita Namba Kumi na Saba, na baada ya muda wakawa wanamzungumzia kama mtu.

Ruzuku, hata hivyo, ni kama mimba: ina miezi yake. Tofauti ni kwamba ruzuku mwezi wa mwisho ukifika inatoka tu, mtoto awe ameiva au bado. Namba Kumi na Saba alikuwa amepatikana, makala ilikuwa imechapishwa, lakini hakukuwa na pakiti ambayo mkulima angeweza kuinunua dukani. Wafadhili walipongeza kazi na kusema wao ni watu wa kutafuta, si watu wa kuuza. Makampuni ya mbegu yalisema nayo hayanunui kitu kilichomo ndani ya mrija, yaletewe pakiti iliyojaribiwa mashambani misimu miwili. Kati ya hawa na wale palikuwa na shimo, na Daktari alitumbukia humo mzima mzima.

Siku ya mwisho wanafunzi walibeba vitabu vyao na kusema kwaheri. Daktari alikuwa amepata kazi ya kufundisha katika chuo cha mji mwingine, maana watoto wake walikuwa wanakula kila siku, wakati ruzuku haikuja kila siku. Alisimama katikati ya meza tupu, akiwa na boksi mikononi.

"Shangazi, nina ombi moja."

"Sema."

"Mmoja nimempeleka kwenye benki ya vijidudu, watamhifadhi wao. Wengine wako kwenye friji. Lakini friji lenyewe silitumaini, na benki ni mbali. Wewe ungemshika mkononi. Uwe unamhamisha tu, mpaka nipate ruzuku nyingine."

"Itakuwa lini?"

"Miezi mitatu. Ikizidi sana, minne."

"Nenda, Daktari," alisema Shangazi. "Hatakufa."

Hiyo miezi mitatu ilikuja kuwa kumi na sita.

Taasisi ilimpa Shangazi nusu siku ya kazi katika jengo la jirani, kuosha vyombo vya wanafunzi. Maabara ya udongo ilifungwa, funguo akakaa nazo yeye. Kila Alhamisi ya pili, saa sita, watu walipokwenda kula, alifungua ule mlango uliokuwa umeanza kunata, akafuta vumbi mezani kwa spiriti, akawasha taa yake na kuhamisha mirija kumi na miwili. Kazi yenyewe haikuzidi nusu saa. Baada ya hapo alifungua daftari la mstari, akaandika tarehe na maneno yale yale: *Mirija 12. Safi.*

Mwezi wa tatu alikuta maji sakafuni. Friji kubwa lilikuwa limekufa kwa siku zisizojulikana, na chupa ndogo zote mle ndani zilikuwa na uvuguvugu wa mkono wa mtu. Alijaribu kuotesha kila moja, zote mia moja na ishirini, kwa siku tisa. Hakuna iliyoota. Aliandika hilo kwenye daftari, akampigia Daktari simu.

"Zote?" Daktari aliuliza.

"Zote. Ila hawa wa kwangu wapo."

"Basi wamebaki wa kwako na yule wa benki," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekaa chini ghafla.

Ndipo Shangazi alipokumbuka neno la yule mzee aliyemfundisha: kijidudu kinachokula jeli bila kazi hubweteka. Ukikilea kwenye mrija muda mrefu kinaota vizuri, kinang'aa, lakini siku ukikipeleka kwenye mzizi hakijui tena pa kuingilia. Hakuna aliyemtuma, lakini kila baada ya miezi mitatu alichemsha mchanga kwenye chungu cha mvuke, akapanda maharage sita kwenye makopo dirishani, akayapaka Namba Kumi na Saba. Mimea ikikua aling'oa mizizi, akatafuta vinundu, akamtoa Namba Kumi na Saba mle ndani upya na kuanza mirija mingine kwa huyo aliyetoka kazini. Hilo nalo aliliandika.

Nyumbani aliishi na dada yake, vyumba viwili na ukumbi mdogo, kwa miaka kumi na tisa tangu dada alipofiwa na mumewe. Dada alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikuwa karibu na dirisha, na nyumba nzima ilikuwa na mlio wake. Walikuwa wamezoeana kiasi kwamba waligombana bila kuinua sauti na kupatana bila kuombana radhi. Kisha binti wa dada, aliyeolewa mji ulio mwendo wa saa tisa kwa basi, akajifungua mapacha, akawaita wote wawili.

"Twende," alisema Dada. "Chumba kipo, mtoto amesema mwenyewe. Kina dirisha."

"Kwa sasa siwezi, Dada. Nasubiri ruzuku ijibu."

"Ruzuku ndiyo nani? Amekuoa?"

Shangazi alicheka, lakini dada yake hakucheka.

"Nakuuliza kwa dhati. Nina presha. Nina miguu inayovimba. Mwanangu ana watoto wawili kifuani na hana wa kumpokea. Huyo Daktari wako amekwenda zake kulea wanawe. Wewe unabakia na nini?"

"Mirija."

"Mirija!"

"Dada, wakifa hawa hakuna wengine."

"Na mimi nikifa," dada yake aliuliza polepole, huku akikunja kitambaa kilichokuwa magotini, "kuna mwingine?"

Dada yake alingoja jibu muda wa kutosha, kisha akainuka kwenda kutafuta sanduku.

Aliondoka Jumamosi asubuhi. Vijana wa jirani walibeba cherehani, na mahali ilipokuwa imesimama pakabaki alama nne sakafuni. Shangazi alipopiga simu Jumapili, binti ndiye aliyepokea.

"Mama mdogo, shikamoo. Mama amelala."

Jumapili iliyofuata, Mama alikuwa anaoga. Ile nyingine, Mama alikuwa ametoka kidogo. Mwenye kovu usidhani kapoa, na Shangazi hakudhani. Aliendelea kupiga kila wiki, baadaye kila baada ya wiki mbili, kisha akawa anasubiri sababu ya kupiga, na sababu hazikuja.

Alinunua sufuria ndogo, kwa kuwa kwenye ile kubwa chakula kilikuwa kinaungua kabla ya kuiva. Alijaribu kuacha redio wazi, akaona inamchosha kwa watu wengi asiowajua. Siku za mwisho wa juma zilikuwa ndefu. Jumatatu moja alifika kwenye geti la taasisi, mlinzi akamsalimia, naye alipojibu sauti ikatoka imekwaruza kama ya mtu mwenye mafua.

"Unaumwa, Shangazi?"

"Siumwi."

Alikwenda mpaka kwenye ngazi ndipo akatambua kilichotokea. Tangu Ijumaa mchana hakuwa amesema neno. Tangu siku hiyo akajiwekea desturi ya kumtania mlinzi kila asubuhi, mradi sauti ipate njia. Mlinzi, ambaye hakujua chochote, aliwaambia wenzake kwamba Shangazi uzeeni amekuwa mcheshi.

Daktari alipiga simu mara kwa mara mwanzoni. Andiko la kwanza lilirudi.

"Wamesema wazo ni zuri, lakini hatujathibitisha kama soko lipo."

Miezi mitano baadaye likarudi la pili, kutoka kwa wengine.

"Hawa wamesema soko lipo, lakini wazo linahitaji kuthibitishwa zaidi."

"Si wakae chumba kimoja hao," alisema Shangazi, "waulizane?"

Daktari alicheka, kisha akasema, "Shangazi, ukichoka, niambie. Sitakulaumu."

"Nitakwambia."

Hakumwambia. Kwa kweli alichoka mapema tu, mwezi wa saba au wa nane, Alhamisi moja yenye joto, alipokuwa amekaa na kitanzi mkononi akijiuliza kama kuna mtu duniani anayejua kwamba yuko ndani ya chumba kile. Jibu lilikuwa hapana. Alichoma waya, akangoja upoe, akaendelea.

Ruzuku ya pili ilikuja mwezi wa kumi na sita. Hii ilikuwa ya namna nyingine: mfuko uliowekwa mahsusi kwa ajili ya kuutoa ugunduzi kabatini na kuupeleka sokoni. Sharti lake lilikuwa mtafiti aje na kampuni, na kampuni itie nusu ya gharama. Daktari alikuwa amempata mwenye kampuni ya mbegu, mwanamke mmoja mnene mwenye haraka, ambaye alisoma kurasa tatu za andiko, akafunga, akasema, "Mbona hili hamkuniletea mapema?"

Daktari alirudi amekonda, uzi wa miwani ule ule. Alisimama mlangoni, hata hakusalimia.

"Yupo?"

"Yupo."

Alikwenda akashika mrija mmoja, akauinua kwenye mwanga wa dirisha, akautazama kwa muda mrefu. Shangazi aligeuka kando, akajifanya anatafuta kitambaa.

Basi mambo yakaanza kwenda mbio. Mafundi walipaka rangi, friji mbili mpya zikaja, pamoja na jenereta. Kampuni ilileta mtaalamu wake wa ubora, binti mpole mwenye viatu vyeupe visivyochafuka, aliyejua masharti ya mfuko ule kwa moyo. Siku ya pili tu alikalia kiti cha Shangazi, akaulizia asili ya Namba Kumi na Saba.

"Huyu hapa," Daktari alimwonyesha mirija. "Na mwingine yuko benki."

"Wa benki ana cheti?"

"Anacho."

"Basi tutaanzia kwa wa benki." Alimgeukia Shangazi. "Usinielewe vibaya, Mama. Wafadhili wanataka kila hatua iwe na karatasi. Hawa wako hawana cheti."

"Wana daftari," alisema Shangazi.

"Daftari si cheti, Mama."

"Sawa, mwanangu."

Daktari alitazama sakafu. Alikuwa na ripoti ya kuandika, na awamu ya pili ya ruzuku ilitegemea awamu ya kwanza.

Mrija wa benki ulifika ndani ya boksi lenye mihuri. Namba Kumi na Saba huyo aliota kwenye jeli upesi, madoa meupe, mazuri, yanayong'aa. Wakamzidisha kwenye pipa la chuma, wakamchanganya na udongo mweusi uliosagwa, wakapaka mbegu, wakapanda makopo mia nne katika nyumba ya kivuli nyuma ya jengo. Shangazi alipewa kazi ya kumwagilia. Wiki ya tatu aliona majani ya chini yanapoteza rangi. Wiki ya nne makopo mia nne yalikuwa ya njano.

Siku hiyo nyumba ya kivuli ilikuwa kama ya msiba. Mtaalamu wa ubora alipima maji, akapima mchanga, akapima joto. Daktari alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Shangazi akang'oa mmea mmoja, akausuuza, akawaonyesha mizizi. Ilikuwa myeupe na laini kama nywele za mzee, haina hata kinundu kimoja.

"Huyu amebweteka," alisema.

"Amefanya nini?" mtaalamu aliuliza.

"Amekula jeli, amesahau kazi. Huko benki walimlea vizuri mno, ila hawakumrudisha kwenye mzizi. Si kosa lake."

Daktari alivua miwani. "Shangazi," alisema kwa sauti ndogo, "wewe ulikuwa unamrudisha?"

"Kila baada ya miezi mitatu."

"Mbona hukusema?"

Shangazi aliuweka mmea chini. "Hukuniuliza. Na mtoto huyu alikuwa ameshaniambia daftari si cheti."

Walipanda upya, safari hii makopo ishirini ya benki na ishirini ya Shangazi, bega kwa bega. Hapakuwa na haja ya kupima lolote. Mwezi haukwisha, upande mmoja ulikuwa wa njano na upande wa pili wa kijani kizito kile kile cha miaka ile ya mwanzo. Mtaalamu aling'oa mmea, akakata kinundu kwa kucha, na ndani kilikuwa chekundu kama fizi za mtoto mchanga, ambayo ndiyo dalili ya kijidudu kilichoko kazini. Akabaki akikitazama. Kisha, pale pale mbele ya watu wote, akamwambia Shangazi, "Mama, nisamehe. Naomba lile daftari."

Alilisoma mchana kutwa, ukurasa kwa ukurasa, akitia alama kwa penseli. Shangazi alikuwa anaosha mirija kwenye sinki, amempa mgongo. Alisikia kurasa zikigeuka, zikigeuka, halafu ukurasa mmoja ukakaa. Alijua ni upi. Chini ya maneno *Mirija 12. Safi*, katika juma lile, alikuwa ameandika mstari mwingine, kwa kuwa nyumbani hakukuwa na wa kumwambia na hakuwa na karatasi nyingine ya kuandikia: *Jumamosi. Dada ameondoka.*

Baada ya muda ukurasa uligeuka.

Daftari zima lilipigwa nakala na kuambatanishwa na ripoti, maana wafadhili walitaka ushahidi kwamba Namba Kumi na Saba hakukatika hata siku moja. Kwa hiyo mstari ule nao ulisafiri, ukapigwa mhuri, ukawekwa kwenye jalada la watu ambao Shangazi hakuwaona maishani. Walipoomba hataza, ile hati ya serikali inayolinda haki ya wagunduzi, Daktari alisisitiza jina la Shangazi liandikwe la pili. Wengi maabara walilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza siku hiyo. Baada ya wiki walikuwa wamelisahau.

Pakiti za kwanza zilitoka kiwandani mwaka uliofuata: karatasi ngumu ya kijani, ndani gramu mia za udongo mweusi, za kutosha robo eka. Wakulima walizitilia shaka msimu mmoja, na msimu wa pili zikaisha madukani kabla ya mvua. Mwenye kampuni aliajiri watu thelathini na wanne. Shangazi alipewa chumba chenye ukuta wa kioo, koti jipya, na vijana watano wa kuwafundisha kuchoma waya. Aliwafundisha vizuri. Walimwita Shangazi.

Mtaalamu, ambaye sasa alimheshimu kama mzazi, alimwita siku moja na kumwonyesha chumba kipya cha friji. Namba Kumi na Saba aliyetoka kwenye mzizi alikuwa amegandishwa katika chupa mia tatu, nusu pale na nusu mji mwingine, na kengele ingelia kwenye simu za watu sita joto likipanda hata nyuzi moja.

"Sasa Mama unaweza kupumzika," alisema kwa furaha. "Hata ukikaa nyumbani mwaka mzima, hatakufa."

"Ni jambo jema," alisema Shangazi.

Alikwenda kwenye sinki akanawa mikono, akanawa tena, mpaka vidole vikakunjamana. Vijana waliokuwa nyuma ya kioo walidhani anawaonyesha namna ya kunawa.

Alikuwa na likizo za miaka mingi. Alichukua wiki moja, akapanda basi kwenda kwa dada yake bila kutoa taarifa, maana aliogopa kuambiwa kwamba amelala.

Dada alikuwa amenenepa na kuwa mzito wa kuinuka. Mapacha walikuwa wanakimbia, wanavuta kila kitu. Binti alipiga kelele ya furaha, akatandika kitambaa mezani. Dada alimtazama mdogo wake kuanzia miguuni mpaka kichwani.

"Umezeeka," alisema.

"Na wewe."

Walikaa ukumbini, katikati yao kapu la nguo za watoto zilizoanuliwa, wakawa wanakunja.

"Wadudu wako?"

"Wako kwenye friji la kampuni."

"Hawakuhitaji tena."

"Hapana."

"Ndiyo ukaja."

Shangazi alikunja fulana ndogo, akaiweka juu ya nyingine. Pacha mmoja akaja akaiangusha, Shangazi akaikunja tena.

"Mtoto alinisomea gazetini habari za zile pakiti," alisema Dada. "Nikamwambia, hiyo kazi ni ya mama yako mdogo. Hakuamini." Akachukua nguo nyingine kapuni. "Ulikuwa na haki ya kubaki. Na mimi nilikuwa na haki ya kuumia. Tusidanganyane."

"Hatudanganyani, Dada."

"Ningekwambia uhamie. Lakini kile chumba sasa analala mama mkwe wake. Tangu mwaka jana."

"Nimeona viatu vyake mlangoni."

"Ni mtu mwema. Anakoroma tu."

Wakacheka wote wawili, kidogo, na kicheko kikaisha kabla ya kapu. Shangazi alilala ukumbini kwenye godoro la wageni siku tano. Alibeba mapacha, akaosha vyombo ambavyo hakuna aliyemwomba aoshe, akamsindikiza dada yake kliniki. Siku ya sita aliaga. Dada alitoka mpaka mlangoni, jambo ambalo kwa miguu ile halikuwa dogo, akamshika mkono, akauachia.

Hivi leo Shangazi bado anakwenda kiwandani kila siku ya kazi. Daktari ana ruzuku nyingine, ya kunde safari hii, naye hupita mara moja kwa mwezi, amesimama tu, akitazama saa ya mkononi. Nyumbani mwake vyumba ni vile vile viwili. Alifikiria kupangisha kimoja, akaulizia, akaacha.

Jumapili alasiri hupiga simu, na siku hizi dada yake hupokea mwenyewe. Huulizana presha, huulizana mapacha, hulalamikia hali ya hewa ya kila upande. Wakiishiwa maneno hawakati upesi. Shangazi hukaa mezani na simu sikioni, akasikia watoto wakigombania kitu, sahani zikigongana, mama mkwe akimwita mtu wa chumba kingine. Anasikiliza tu nyumba ya watu, mpaka dada yake aseme, "Haya basi, kesho kazini," naye aseme, "Haya, Dada."